Ndege ilipoteza mawimbi ikaondoka mota inanguruma: feilisefu ya rimoti ya FS-i6 inawekwaje?

MbawaJuu_Moro

Wakuu habari za jioni. Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi ila kuandika ndiyo leo. Naombeni msaada, na wa kucheka mcheke tu, tangu Jumapili nimeshazoea.

Nina ndege ya rimoti niliyoiunda mwenyewe kwa foambodi. Ni ya kujifunzia, bawa liko juu, sentimita 120 ncha hadi ncha, gramu 850 pamoja na betri. Mota 2212, ESC (kidhibiti cha kasi ya mota) ya ampea 30, panga 8x4, betri ya lipo ya 3S 2200, sevo (vimota vya kusogeza usukani) nne za gramu 9. Rimoti ni FlySky FS-i6 na risiva yake (kipokea mawimbi cha ndani ya ndege) iA6B. Nimeshairusha mara kumi na moja, ajali mbili za kawaida za kutua vibaya, basi.

Jumapili asubuhi tulikwenda na mdogo wangu upande wa Dakawa, uwanda ulio jirani na mashamba ya mpunga, nyumba hakuna. Upepo mdogo. Dakika ya nne hivi ndege iko mbali kiasi, nakadiria mita 300, naigeuza irudi, haigeuki. Navuta kushoto, wapi. Nikashusha throto (stiki ya nguvu ya mota) mpaka chini, mota ikaendelea kunguruma vilevile, nusu throto, kama imepata abiria wa Dodoma. Ikainama kulia kidogo ikawa inakwenda, inakwenda, ikabaki kidoti, mpaka dogo akasema, "Kaka, mimi siioni tena."

Tukaifuata kwa miguu, rimoti mkononi, sikuizima. Kutembea juu ya matuta ya majaruba si mchezo, ilituchukua karibu dakika arobaini. Tukawakuta vijana watatu waliokuwa wanaamia ndege kwenye mpunga (ndege hasa, wenye manyoya). Yangu ilikuwa imelala topeni, pua chini. Wakatusimulia kwamba ilipoanguka panga lilikuwa bado linajizungusha, linakwama, linaanza tena, linawarushia tope. Mmoja akaipiga fimbo kama nyoka. Ndiyo maana bawa la kushoto limevunjika, kuanguka kwenyewe hakukulifanya kitu. Halafu, wanasema, "ikanyamaza yenyewe", muda mfupi kabla hatujatokea. Kwa ramani ya simu, toka tuliporushia hadi pale ni kilomita 1.2.

Nimesikia kuna kitu kinaitwa feilisefu, yaani kuiambia risiva mapema ifanye nini mawimbi yakipotea. Zamani nilijaribu kuzima rimoti makusudi nione ndege itafanya nini, rimoti ikagoma kuzimika, ikawa inalia na kunionya kwamba risiva bado imewashwa. Nikajua basi ndiyo usalama wenyewe huo.

Sasa naomba kujua: kwa nini mota haikuzima? Hiyo feilisefu inawekwaje kwenye FS-i6? Na hizo sevo nyingine niziambie zikae wapi?

Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Lipo

Pole sana mkuu. Ila hapo kwenye fimbo na nyoka nimecheka ofisini mpaka bosi kageuka. Ushauri wangu achana na foambodi, nunua drone yenye GPS, ikipotea inarudi yenyewe.

MbawaJuu_Moro

Mkuu, hela ya drone ningekuwa nayo nisingekuwa nakata foambodi kwa wembe usiku wa manane.

Babu_35MHz

Kijana wangu, pole. Washukuru hao vijana, na ushukuru zaidi kwamba vidole vyao ni vizima. Panga la inchi 8 halina tofauti na kisu cha jikoni kilichopata wazimu.

Swali lako la kwanza umelijibu mwenyewe bila kujua. Umesema "ikanyamaza yenyewe". Haikunyamaza yenyewe, uliinyamazisha wewe. Ulikuwa unatembea na rimoti imewaka na throto umeishusha. Ulipokaribia, risiva ikakusikia tena, ikapokea amri ya throto sifuri, mota ikasimama. Kwa hiyo umeme ndani ya ndege ulikuwepo muda wote, risiva ilikuwa hai, na sevo pia. Kilichokosekana ni mawimbi tu. Risiva ilipoyakosa ikashikilia amri ya mwisho iliyoisikia, nayo ilikuwa nusu throto na kulia kidogo. Ikatii hivyo mpaka topeni.

Ndivyo FS-i6 inavyofanya ikiwa kwenye menyu ya Failsafe chaneli zote (mota na kila sevo ina chaneli yake) zimeachwa Off. Usiilaumu rimoti. Hiyo ni kazi ya mwenye ndege, na wewe hukuifanya, kama ambavyo wengi humu hawajaifanya na sasa hivi wanasoma kimyakimya.

Mimi mchezo huu niliuanzia Uingereza, Coventry, mwanzoni mwa miaka ya 1990 nikiwa masomoni. Tulirusha kwa 35 MHz. Kiwanjani kulikuwa na ubao wenye vibanio, kila kibanio na namba ya chaneli ya mawimbi. Huna kibanio, huwashi rimoti, maana ukiwasha kwenye chaneli ya mwenzio unamwangushia ndege yake. Risiva zetu za FM za bei ya mwanafunzi hazikujua kushikilia wala kuzima. Zikikosa mawimbi zilipokea kelele yoyote ya hewani na sevo zikawa zinatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Lilikuwa jambo baya, lakini ulijua papo hapo. Hizi za 2.4 GHz zina adabu mno. Ndege imeshapotea nawe unaiona imetulia, inaruka vizuri, tofauti ni kwamba si yako tena. Chama cha warushaji modeli kule, BMFA, kina kanuni fupi juu ya hili: ndege yenye injini ambayo risiva yake ina feilisefu, basi iwekwe walau injini irudi mwendo wa chini kabisa mawimbi yakipotea au yakiharibika. Walau. Kwa mota ya umeme maana yake isimame.

Sasa kazi. Kwanza toa panga. Sisemi uwe mwangalifu nalo, nasema litoe, liweke mfukoni.

Washa rimoti, kisha ndege. Bonyeza OK kwa muda mrefu uingie menyu, chagua System, kisha RX Setup, kisha Failsafe. Utaona chaneli zimepangwa, kila moja Off. Nenda chaneli ya 3, ndiyo ya throto, bonyeza OK, igeuze iwe On. Huku stiki ya throto umeishikilia chini kabisa, bonyeza CANCEL na usiiachie mpaka ihifadhi. Ukirudi kwenye orodha lazima uone hasi 100. Ukiona bado Off, hujahifadhi. Hapo ndipo wengi wanapoanguka: wanagusa CANCEL mara moja haraka, menyu inarudi nyuma, wanafunga wakiamini wameweka.

Fanya hivyo mwisho kabisa, ukishamaliza kurivasi chaneli (kuzigeuza upande), kupanga miksi (chaneli zinazofanya kazi pamoja) na mipaka ya sevo, na kuifundisha ESC throto yake. Ukija kurivasi throto baadaye, ile namba usiiamini tena mpaka uijaribu upya.

Kuhusu rimoti kugoma kuzimika, hiyo inakulinda usije ukaizima kimakosa ndege ikiwa juu. Wewe ukadhani ndiyo mwisho wa habari. Dawa yake ni kufungua kifuniko cha nyuma na kuchomoa betri moja ya AA. Rimoti inakufa hapohapo, na huo ndio mtihani wa kweli. Mdogo wako aishike ndege vizuri, mota izunguke nusu throto bila panga, chomoa. Isiposimama kabla hujahesabu tatu, rudi kwenye menyu. Ikisimama, shusha throto, rudisha betri, washa, hakikisha udhibiti unarudi. Kisha rudia yote, maana mara moja inaweza kuwa bahati.

Sevo nyingine usiziache Off. Fikiria ungekuwa umeinamisha ndege sana wakati mawimbi yanakatika: ingeshikilia mwinamo huo, ikazunguka kwa kasi mpaka chini kama jembe. Kwa ndege yako ya bawa la juu weka aileroni (vibawa vya kuinamisha ndege kushoto na kulia) katikati, eleveta (kibawa cha mkiani cha kuinua na kushusha pua) juu kidogo sana, usukani wa mkia pembeni kidogo, asilimia nane au kumi. Shabaha ni izunguke duara pana huku inashuka, ianguke karibu nawe badala ya kilomita moja mbele kwenye mashamba ya watu. Namba hizo usizichukue kwangu kama Msahafu. Panda mita 60, funga throto, shika stiki vilevile kwa mkono wako, uone ndege inafanya nini. Ikiinua pua, ikazama, ikainua tena, eleveta imezidi. Ikizunguka kama pia, usukani umezidi.

Halafu mimi nina maswali mawili. Mita 300 ni karibu mno kwa risiva hiyo ikiwa nzima. Antena zake mbili umezilaza vipi? Na betri za rimoti zilikuwa na volti ngapi?

MbawaJuu_Moro

Shikamoo mzee. Hiyo ya kunyamaza wallahi sikuiwaza kabisa, nilidhani lipo imekwisha.

Antena zote mbili nilizibana na selotepu ubavuni, zimelala sambamba na betri ili zisininginie. Volti za rimoti sikumbuki, nikifika nyumbani naangalia. Panga limeshatoka, liko kwenye droo ya mama.

Glaida_ya_Naks

Hamjambo wote. Mimi niko Nakuru, na kwa heshima kubwa kwa mzee, hapo kwa kuweka kila chaneli sikubaliani naye kabisa. Mimi hurusha glaida, ndege za kuelea hewani mota ikiwa imezimwa. Mara nyingi mawimbi hayapotei moja kwa moja, yanakatika kidogo tu halafu yanarudi. Ukiwa umeiweka eleveta mahali pake, kila kukatika ni mshtuko: sevo zinaruka zikienda huko, zinaruka zikirudi. Ingeshikilia tu ungepita bila hata kujua. Mimi throto naizima, zingine naziacha zishikilie.

Lakini kuna kitu mzee hajataja, na wenye ubongo wa kompyuta ndani ya ndege wakisikie. Niko na bawa lingine la kupiga picha za mashamba, hilo linaendeshwa na ArduPilot, programu ya kujiendesha. Huko risiva kushikilia ni sumu. Ubongo unaamini chochote ambacho risiva inausomea. Risiva ikiendelea kuutumia namba za zamani, ubongo unaona rubani yuko, ametulia, anataka twende mbele. Kurudi nyumbani haitakuja kamwe. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimeweka kila kitu cha kurudi nyumbani, GPS satelaiti 14, nikajiona bingwa. Nikazima rimoti chini nikijaribu: hakuna kitu. Skrini ya kompyuta inanionyesha throto asilimia 40 na rimoti iko kwa mfuko.

Inatakiwa risiva ifanye moja kati ya mawili: inyamaze kabisa isitume kitu, ama itume throto ya chini kuliko ile unayoweza kufika kwa stiki. ArduPilot ya ndege inaangalia namba THR_FS_VALUE, ambayo kiwandani ni 950. Stiki yako ya chini kawaida iko karibu na 1000. Kwa FS-i6 ujanja ni huu: unapanua mpaka wa chini wa throto hadi asilimia 120, unahifadhi feilisefu ukiwa hapo, kisha unarudisha mpaka kwa 100. Sasa ukiwa unarusha kwa mkono hufiki chini ya 950 hata ukijaribu, lakini mawimbi yakikatika risiva inashuka huko na ubongo unaelewa. Sekunde moja na nusu baadaye unaingia hatua ya kwanza, ikifika sekunde tano unaingia ya pili, ambayo mimi nimeiambia irudi nyumbani. Na usirushe kabla GPS haijashika vizuri, kwa sababu "nyumbani" ni pale ilipodhani ipo wakati unairuhusu mota izunguke (arm).

Ukitumia ExpressLRS, mfumo mwingine wa rimoti na risiva, ni rahisi zaidi, risiva ikikosa mawimbi inaacha tu kutuma kwa ubongo. Lakini zile risiva zake zenye pini za sevo ziko na chaguo kwa kila pini, uende ukaangalie kwa ukurasa wake wa waifai, usidhani.

Babu_35MHz

Bwana wa Nakuru, kwenye glaida una hoja, nami nakuachia. Glaida yako mota ikishazimwa hakuna cha kuisukuma mbali, na ukubwa wa mshtuko unategemea umeweka sevo mbali kiasi gani na katikati. Ndiyo maana nikasema asilimia nane, sikusema arobaini. Ila kama mawimbi yako yanakatika mara nyingi mpaka unaona mishtuko, mimi ningekwenda kuitazama antena kabla ya kubishana kuhusu sevo.

Hiyo ya ArduPilot nimejifunza. Ahsante.

Kijana wa Moro, huko kulala sambamba na betri ndiko nilikokuwa nakuogopa. Kwenye 2.4 GHz sehemu ya antena inayofanya kazi ni ile ncha iliyovuliwa ganda, kama milimita 31. Waya mnene uliobaki ni bomba la kupitishia tu. Ncha hizo zikae mbali na betri na nyaya za mota, moja isimame na nyingine ilale, zikatane kama herufi L. Ukizilaza zote upande mmoja nyuma ya lipo, ndege ikigeuka ikakuwekea betri katikati, umekwisha. Nawe ulisema mawimbi yalikatika wakati unaigeuza irudi.

MbawaJuu_Moro

Wakuu nimerudi na majibu.

Antena kwanza. Nilipobandua selotepu nikachukua rula ya dogo ya shule. Moja ncha yake ni milimita 31 kamili, kama mzee alivyosema. Nyingine ni milimita 9. Nikakaa chini. Nakumbuka siku niliyokuwa nakata selotepu kwa wembe juu ya ubavu wa ndege, nikasikia kitu kimekatika, nikajiambia ni nailoni. Mara zote kumi na moja nimeruka na antena moja, tena imelala nyuma ya betri. Betri za rimoti zote nne pamoja zilikuwa volti 4.4, bado hazijaanza kulia.

Kisha feilisefu. Jaribio la kwanza, dogo kaishika ndege, nimechomoa AA, mota inazunguka tu. Nimehesabu mpaka kumi. Nikachomoa lipo. Nikarudi kwenye menyu: chaneli ya 3, Off. Ile CANCEL niligusa tu, sawasawa na mzee alivyoonya, na nilikuwa nimeyasoma maelezo yake mara mbili kabla ya kuanza! Jaribio la pili nikaibonyeza mpaka kidole kikauma, nikaona hasi 100. Nikachomoa AA, mota ikasimama nikiwa sijafika mbili. Nikarudia mara tano, zote imesimama. Mama alikuwa anapita na ndoo akauliza kwa nini tunaua na kufufua kitu kimoja mchana kutwa.

Kuna moja imenishangaza. Nikiwa na volti za risiva kwenye skrini ya rimoti, nikachezesha stiki zote mbili kwa nguvu kwa pamoja, volti zikatoka 5.0 zikashuka mpaka 4.5 kisha zikarudi. Hiyo ni kawaida?

Bawa nimeliunga. Sijaruka. Je, ile antena fupi naweza kuiunga kwa kuichomelea waya?

Babu_35MHz

Marahaba ya siku ile nilisahau kuitikia, samahani.

Volti kushuka kidogo sevo zote zikifanya kazi pamoja ni kawaida, ila 4.5 kwenye meza, bila upepo kuzisukuma, kwangu ni chini. Risiva ikizimika kwa njaa ya umeme feilisefu haikusaidii, kwa sababu mwenye kuitekeleza ndiye huyo aliyezimika. Chomoa sevo moja moja uone ipi ikitoka volti zinatulia. Huenda kuna fimbo ya sevo inayokwama kwenye foambodi na sevo inaisukuma muda wote. Iguse, itakuwa ya moto. Zikiwa zote ni huru, tafuta BEC (kifaa cha kushusha volti za lipo kulisha risiva na sevo) ya pembeni ya ampea 3, iachie ESC kazi ya mota tu. Ukifunga hiyo, waya mwekundu wa ESC uchomoe kwenye plagi yake uufunge kwa utepe, zisije zikavutana.

Antena usiiunge. Urefu wa ncha ile ni kipimo, na kwa chuma cha kuchomelea cha nyumbani hutaupata. Agiza risiva nyingine. Hiyo yenye milimita 9 mfungie dogo kwenye gari lake la kuchezea, haitakwenda zaidi ya uani.

MbawaJuu_Moro

Ni sevo ya eleveta mzee. Ya moto hasa. Fimbo yake ilikuwa inagusa gundi iliyoganda kwenye tundu la mkia. Nimekwangua kwa wembe (mbali na antena), sasa inashuka mpaka 4.8 tu.

Risiva imeshaagizwa. Dogo ameshafungua gari lake lote, liko mezani vipande vipande.